Mheshimiwa Anasema Hali ni Shwari

Jumapili, 6 Machi 2022

Mume wangu amesimama mbele ya kioo cha kabati tangu tutoke kanisani, anazihutubia nguo zetu. "Ndugu wananchi, nawaletea taarifa njema." Hapo ananyamaza kidogo ili suti zake zipate nafasi ya kupiga makofi, kisha anaendelea. Mimi niko jikoni namenya ndizi, na ukuta wa nyumba hii hauzuii upuuzi.

Ambakisye, mume wangu, ni diwani wetu, awamu ya pili hii. Baada ya Pasaka mgeni rasmi atakuja kutoka mkoani kufungua madarasa yaliyojengwa kwa fedha za kujikwamua baada ya corona. Siku hiyo Mheshimiwa atasoma Taarifa ya Kurejea Katika Hali ya Kawaida na Usalama wa Raia. Jina hilo amelitunga mwenyewe, na analitamka kama mtu anayetaja jina la mtoto wake wa kwanza. Mtoto wetu wa kwanza anaitwa Lilian, yuko Dar es Salaam, na baba yake hajampigia simu tangu Krismasi.

Mama mkwe wangu, Bibi Alinanuswe, anaishi nasi chumba cha nyuma. Alipita sebuleni na mkongojo wake, akasikiliza kidogo, akaja kwangu.

"Anaongea na nani?"

"Na kabati, mama."

"Basi livumilie," akasema, akaketi akaanza kumenya na yeye.

Jumanne, 8 Machi

Mvua. Mheshimiwa kaenda kikaoni. Mvua.

Ijumaa, 11 Machi

Shukrani, mtendaji wa kata, amekuja na rasimu ya taarifa ndani ya mfuko wa nailoni. Ni kijana wa Singida, bado hajaizoea baridi ya huku, huvaa sweta mbili na koti juu yake. Simpendi. Akiongea na mume wangu huinamisha kichwa hata pale ambapo hakuna mlango mfupi.

Wakaketi sebuleni. Mimi nikawapelekea chai, nikajifanya nafuta vumbi ambalo halijawahi kuwepo Tukuyu tangu mvua zianze.

"Wagonjwa waliopona, wengi," Shukrani akasoma. "Waliochanjwa, wengi. Vifo vilivyotokana na ugonjwa, hakuna."

"Hapo weka nguvu," Mheshimiwa akasema. "Andika: kata yetu haikupoteza hata mtu mmoja."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatazama migomba ikipigwa na mvua. Hakugeuka. Mkono wake tu ndio uliacha kusugua mkongojo.

Niandike hapa, kwa kuwa kwenye taarifa halitaandikwa. Mwaka jana mwezi wa saba, Tulinagwe, dada yake Ambakisye, wifi yangu, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni Tukuyu, alianza kukohoa siku ya Jumatatu. Kufikia Ijumaa alikuwa anaivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Akafariki Jumapili. Wiki hiyohiyo kaka yake alikuwa anapita na kipaza sauti juu ya pikapu akiwaambia watu waache woga, baridi ya Rungwe ni ileile ya mababu. Kwa hiyo Tulinagwe akafa kwa presha. Alikuwa hana presha. Akazikwa kesho yake asubuhi, jeneza limefungwa, na watu wakaambiwa watawanyike. Sisi Wanyakyusa, ambao msiba wa jirani tu unatulaza nje kwenye majani ya migomba wiki nzima! Mama yake hakuruhusiwa hata kupiga yowe. Mwanawe alimwambia, "Mama, usilie kwa sauti, watu watasema."

Hakulia. Mpaka leo.

Jumanne, 15 Machi

Chai imechipua vizuri. Vidole vyangu vimenyauka kama vya maiti. Mheshimiwa ameniuliza kama tai nyekundu inaonyesha "matumaini". Nikamwambia inaonyesha shingo.

Jumamosi, 19 Machi

Leo Ikupa amepigwa.

Ikupa ni mjane anayekaa bondeni kwetu. Ana watoto wadogo na kashamba ka migomba, na siku za soko hutoka saa kumi na moja alfajiri na mikungu kichwani ili awahi magari ya wachuuzi barabarani. Njia inapita kwenye miti ya mikaratusi, pale kwenye daraja la magogo. Ukungu wa huku wanaujua waliozaliwa humu: unyooshe mkono, usiuone.

Walikuwa wawili. Walimpiga na rungu mkononi, mkono ukavunjika, wakachukua simu na kimkoba alichofunga kiunoni. Mikungu waliitupa mtoni. Nadhani hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Hata wezi wa siku hizi hawataki kubeba mzigo.

Nilisikia makelele nikiwa njiani kwenda shambani. Nilimkuta ameketi kwenye tope, mkono ameukumbatia kama mtoto mchanga. Hakuwa analia. Aliponiona alisema tu, "Ugonile, mama diwani." Alinisalimia! Umelala salama! Tukamfunga kanga, tukatafuta bodaboda, nikakaa nyuma yake hadi hospitali, namshikilia asianguke, mvua inatupiga usoni.

Niliporudi mume wangu alikuwa anakunywa chai.

"Nimesikia," akasema. "Pole yake. Lakini mwanamke anafanya nini njiani saa zile?"

"Anakupigia kura," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. "Mama Lilian, jambo hili lisipewe ukubwa. Mgeni anakuja."

Jumapili, 20 Machi

Kanisani Mheshimiwa alipewa nafasi ya kusalimia. Akamshukuru Mungu kwa amani na utulivu katika kata. Wanawake wa kwaya walitazama viatu vyao. Mimi nilitazama vya kwake. Ni vipya.

Alhamisi, 24 Machi

Shukrani amerudi na rasimu ya pili. Safari hii niliketi kabisa, sikujisumbua na kitambaa cha vumbi.

"Usalama wa raia," akasoma. "Hali ni shwari. Hakuna tukio lolote la uhalifu lililo..." Akasita. Akanitazama, kisha akaitazama karatasi. "Mheshimiwa, kuna lile la mama wa bondeni. Polisi wanalo. Tungeweza kuandika 'matukio machache'..."

"Machache ni mangapi?"

"Moja, Mheshimiwa."

"Moja ni bahati mbaya. Bahati mbaya haiingii kwenye taarifa."

Shukrani akafuta, au akajifanya amefuta. Nikamsindikiza mpaka nje kwenye mvua. Nikamuuliza, "Wewe mama yako anatembea alfajiri huko kwenu?" Akajifunika mfuko wa nailoni kichwani akaondoka anakimbia, kiatu kimoja kinaachia soli. Nilitaka kumdharau kama kawaida, lakini ile "matukio machache" ilikuwa imenikaa masikioni. Ni ujasiri mdogo, mdogo kama punje ya mtama, lakini ndani ya nyumba hii ndio wa kwanza kuusikia mwaka huu.

Jumanne, 29 Machi

Nimekwenda kumwona Ikupa. Nilibeba sabuni, sukari na maziwa, nikijiona malaika.

Mkono umefungwa plasta. Alikuwa anapika kwa mkono mmoja, sufuria kaibana kwa goti. Nilipotaka kumsaidia akaniambia, "Kaa tu, mama diwani. Utachafuka."

Nikakaa. Nikamwambia pole, nikamwambia Mheshimiwa naye anatoa pole.

Akacheka. Hakuwa na ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia mtoto akisema uongo. "Mheshimiwa amepita hapo barabarani na gari mara ngapi? Dirisha liko juu. Nyie watu mnadhani sisi wa bondeni ni vipofu kwa sababu ya ukungu."

"Sisi watu gani?"

"Nyie. Wa taarifa." Akakoroga sufuria. "Nikwambie ukweli, rungu halijaniuma kama hilo. Rungu lilinipiga gizani, halikunijua. Mumeo ananijua."

Nimerudi nyumbani nimebeba maneno hayo kama mzigo wa kuni mbichi. Miaka yote nimemdharau mume wangu nikiwa nimekaa kwenye kochi lake.

Jumamosi, 2 Aprili

Amevamiwa mwingine. Jenifer, anayeuza parachichi. Pale pale darajani. Alikimbia, akaanguka, akapasuka paji la uso. Wanawake wamekutana kwa Ikupa. Wamekubaliana kuanzia Jumatatu watakwenda kwa pamoja, na tochi, mapanga ya kukatia migomba, na sufuria za kupigwa kama kengele. Walipofika kwenye kugawana zamu wakaniruka. Nikasema, "Mimi nina mabuti na tochi kubwa." Ikupa akasema, "Haya. Ukae mbele, basi. Wakimwona mke wa diwani labda watadhani wamefikiwa na serikali."

Wakacheka wote. Nami nikacheka.

Ijumaa, 8 Aprili

Tumekwenda wiki nzima. Mvua, tope mpaka magotini, ukungu, sufuria zinapigwa bondeni mpaka mbwa wa kijiji cha Kinyala wanaitikia. Jumatano tuliona watu wawili wameketi darajani na makoti marefu. Jenifer akapiga sufuria yake, sisi tukapiga zetu. Walisimama wakaingia kwenye miti, hawakukimbia, walitembea tu kama watu waliokumbuka shughuli nyingine.

Tuliendelea kupiga mpaka barabarani. Sijajisikia hai hivi tangu nilipokuwa msichana.

Alhamisi, 14 Aprili

Mheshimiwa amegundua. Si kwa kuniona kitandani sipo, maana hajaangalia upande wangu wa kitanda siku nyingi. Amegundua kwa kuwa watu wanamsifia.

"Kumbe unatoka na wale wanawake! Mke wa diwani, na sufuria!"

"Na panga."

Nilisubiri afoke. Badala yake akatembea sebuleni huku na huku, mikono nyuma. Uso wake ukaanza kung'aa taratibu kama taa ya chemli inayopandishwa utambi, na mimi niliyeishi naye miaka yote hii nikajua tayari.

"Ulinzi shirikishi wa alfajiri," akasema peke yake. "Ubunifu wa ofisi ya diwani."

Jumapili, 17 Aprili

Pasaka. Amefufuka. Mvua.

Alhamisi, 21 Aprili

Nitaandika yote.

Mvua ilikatika asubuhi, jambo ambalo Mheshimiwa alilichukua kama heshima yake binafsi. Uwanja wa shule ulijaa. Maturubai, viti vya plastiki mbele kwa wakubwa, majamvi kwa wengine. Utepe ulifungwa kwenye mlango wa darasa. Mgeni rasmi alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye kofia ya kuzuia jua ambalo halikuwepo. Nilikuwa nimewekewa kiti mbele. Sikukikalia. Nilikaa kwenye jamvi kati ya Ikupa na mama mkwe, aliyekuwa ameomba mwenyewe aletwe. Nilidhani anataka kumwona mwanawe akipigiwa makofi. Wazazi ndivyo walivyo.

Mheshimiwa akaanza. Taarifa njema. Madarasa. Matangi ya kunawia mikono. Shukrani alisimama nyuma yake kashika karatasi za akiba, uso umemsawajika.

"Kuhusu usalama wa raia," mume wangu akasema, "ofisi yangu imebuni na kuanzisha kikosi cha ulinzi cha alfajiri, na leo hii mama zetu wanatembea bila hofu."

Kando yangu nikasikia sauti ndogo, kama chungu kinachoanza kuchemka. Alikuwa Ikupa. Alijaribu kujizuia, plasta yake ikatikisika. Jenifer akadakia, kisha wanawake wote wa majamvini wakaangua kicheko, kicheko cha wazi kabisa, mpaka wengine wakajifuta machozi kwa kanga. Mheshimiwa alitabasamu, masikini, akidhani ni furaha. Akasubiri kitulie, akaenda mbele kwa nguvu mpya.

"Na kuhusu ugonjwa wa corona, natamka kwa fahari: kata yetu haikupoteza hata mtu mmoja!"

Mama mkwe akaniambia, "Ninyanyue."

Nikamnyanyua. Alisimama na mkongojo wake kati ya watu waliokaa, mdogo kama mtoto wa shule. Mwanawe akamwona. Sauti yake ikapungua.

"Mama, baadaye," akasema kwenye kipaza sauti, kwa upole. "Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ulinikataza," mama akasema. Hakupaza sauti, lakini ilifika mpaka kwenye viti vya mbele. "Ulisema nisilie, watu watasema. Watu wako hapa sasa. Waseme."

Akafungua kitenge chake kiunoni, akakifunga upya kama wanavyofunga mama zetu msibani. Akaweka mikono kichwani. Kisha akapiga yowe.

Nimesikia vilio vingi maishani. Sijasikia kama kile. Kilikuwa kimekaa ndani tangu mwezi wa saba, kilitoka na mizizi yake. "Tulinagwe! Mwanangu! Tulinagwe wee!"

Wanawake hawakuulizana. Mwanamke wa Kinyakyusa hawezi kuusikia ukunga wa mama aliyefiwa akabaki ameketi. Wakainuka majamvi yote, wakamzunguka, wakalia naye, na nilijua wengine hawamlilii Tulinagwe. Walikuwa na wao waliozikwa kimyakimya asubuhi za mwaka ule. Wanaume wakavua kofia, wakaenda kusimama upande wao. Watu waliokuwa wakipita barabarani wakaingia wakidhani kuna msiba, na walikuwa sahihi.

Mgeni rasmi alivua kofia yake. Yule mzee hakuwa mjinga. Alisimama, akamgeukia mume wangu, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado wazi mkononi mwa Ambakisye, sote tulisikia.

"Nani aliyefariki, Mheshimiwa?"

"Dada yangu."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Poleni sana. Aliumwa nini?"

Mume wangu aliitazama karatasi yake. Aliigeuza, akaangalia nyuma, kana kwamba Shukrani huenda ameandika jibu huko. Shukrani alikuwa ameziweka karatasi za akiba chini, ameinamisha kichwa kama waombolezaji wengine.

"Corona, mzee," Ambakisye akasema. Sauti yake halisi, nyembamba, ile aliyokuwa nayo aliponichumbia. Ikatoka kwenye spika zote mbili.

Utepe haukukatwa. Hakuna anayekata utepe msibani.

Jumapili, 24 Aprili

Watu wanakuja tangu Ijumaa. Kutoka Suma, kutoka Lupepo, wengine wamelala. Wameleta mikungu ya ndizi, kuni, magunia ya viazi. Majani ya migomba yametandazwa uani, mama mkwe ameketi katikati, amekaukiwa sauti na anaonekana kijana. Amekula leo mara mbili.

Kabla ya kuondoka mgeni rasmi alimwita mkuu wa kituo cha polisi pembeni, na sasa mgambo wawili wanatembea nasi alfajiri. Wanatembea huku wamelala. Sufuria bado tunabeba.

Ambakisye anakaa na wanaume, hasemi. Suti imekaa kwenye kabati. Leo mchana Ikupa alifika na mkono wake kwenye kitambaa, akamkumbatia mama, kisha akapita kwa wanaume kutoa pole kama desturi. Ambakisye alisimama.

"Pole kwa msiba, Mheshimiwa."

"Ndaga, asante," akajibu. Akabaki amesimama. Watu walikuwa wanatazama, hapakuwa na karatasi. "Na wewe pole kwa mkono."

"Mkono niliumia mwezi wa tatu," Ikupa akasema.

"Najua. Nilijua siku ileile."

Ikupa akamwangalia kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaja jikoni akachukua mwiko kwa mkono mzima, akaanza kukoroga.

Sijamsamehe. Sijui kama kusamehe ni kazi ya mke au ya Mungu, na wote wawili tunaweza kuwa tumechoka. Wageni walipokwisha kula, nilipakua sahani ya mwisho, nikampelekea pale alipokuwa ameketi peke yake kwenye majani. Akasema asante. Nikakaa. Mvua ikaanza tena, na hakuna aliyeingia ndani.